Fizi na Baraka: programu zimefika, bado watu wa kuandika namna ya kuzitumia

Katika mji wa Baraka na katika vijiji vya wilaya ya Fizi, jimbo la Kivu Kusini, simu imekuwa daftari, benki na rejista ya wagonjwa. Hesabu za wagonjwa wa kipindupindu zinaishia ndani ya kompyuta. Mwenye kabini anatuma na kutoa makuta ya watu kwa M-Pesa ao Airtel Money. Agenti wa shirika la misaada anapita nyumba kwa nyumba akijaza fishi kwenye simu ya Android. Wote hao wana shida moja: programu wanazotumia zinazungumza Kifaransa, wakati mwingine Kiingereza, na maelezo ya kuzitumia yako mbali nao.

Kuna ufundi unaoweza kuziba pengo hilo, na vijana wa Fizi wanaweza kuujifunza hata kama si wahandisi. Ni ufundi wa kuandika miongozo ya watumiaji wa programu: kumwelezea mtu, hatua kwa hatua, kwa maneno anayoyaelewa, afanye nini kusudi programu ifanye kazi anayoitaka. Makala hii inaeleza ufundi huo ni nini, kwa nini unahitajika kandokando ya ziwa Tanganyika, na mtu anaanzia wapi.

"Enregistrer" moja, maana tatu

Tuchukue neno moja ambalo karibu kila programu ya Kifaransa inalo: "Enregistrer". Kwa Kiswahili linaweza kuwa kuandikisha mtu, kurekodi sauti, ao kuhifadhi kazi uliyoifanya. Mtu aliyezoea kulisikia siku ya kuchukua kadi ya mpiga kura anaweza kufikiri kwamba akibonyeza "Enregistrer" kwenye fishi ya simu, habari zake zimekwisha kufika ofisini. Si hivyo. Katika programu nyingi za kukusanya habari, "Enregistrer" inahifadhi fishi ndani ya simu tu. Kusudi ifike ofisini, inabidi kubonyeza mahali pengine, kwenye "Envoyer", na simu iwe na rezo.

Moja ya programu zinazotumiwa sana na mashirika ya misaada ni KoboToolbox, iliyoanzishwa na watafiti wa Harvard Humanitarian Initiative, huko Marekani. Jina lake limetoka katika Kiacholi, lugha ya kaskazini mwa Uganda, na maana yake ni kuhamisha. Programu hiyo inafaa sana mahali kama Fizi: mtu anaweza kujaza fishi bila rezo huko Lulenge ao Ngandja, kisha akazituma anaporudi mahali penye rezo.

Lakini faida hiyo ina mtego wake. Kama simu haikutayarishwa kutuma yenyewe, na agenti hakuelezwa tofauti kati ya kuhifadhi na kutuma, fishi zinalala ndani ya simu. Simu ikiibiwa, ikianguka majini ao ikifutwa ili apewe mtu mwingine, kazi ya siku nyingi imepotea. Familia zilizohesabiwa zinakuwa kama hazikuhesabiwa, na siku ya kugawa misaada majina yao hayako kwenye orodha.

Kosa hapo si la agenti peke yake, wala si la aliyetengeneza programu. Ni sentensi mbili zilizokosekana: "Ukihifadhi, fishi iko bado ndani ya simu. Tuma kabla ya kurudisha simu." Mtu aliyejifunza kuandika miongozo, kazi yake ni kuona kwamba sentensi hizo zinakosekana, na kuziweka mahali pake kabla watu hawajaumia.

Sifuri si sawa na mahali patupu

Katika afya, jambo hilo linagusa maisha moja kwa moja. Nchi yetu inatumia DHIS2 kwa hesabu za afya za taifa. Ni programu inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, lakini mizizi yake iko Afrika: ilianzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kwisha. Leo inatumiwa katika nchi zaidi ya 70.

Wilaya ya Fizi ina zoni za afya kama Fizi, Nundu, Kimbi-Lulenge na Minembwe. Kituo cha afya kinaandika hesabu zake, mara nyingi kwenye karatasi, na hesabu hizo zinapelekwa kwenye ofisi kuu ya zoni, ambako zinaingizwa ndani ya kompyuta. Kutoka hapo jimbo na Kinshasa wanaweza kuziona.

Sasa tuseme wiki hii kituo kimoja hakikupata mgonjwa yeyote wa kipindupindu. Muuguzi anaacha mahali patupu, kwa sababu hakuna cha kuandika. Anayesoma huko juu hawezi kujua kama kituo hakikuwa na mgonjwa, ao kama muuguzi hakuhesabu, ao kama karatasi ilipotea njiani. Sifuri ni habari, mahali patupu ni swali. Tena, ndani ya DHIS2 kuna kitufe cha kutangaza kwamba ripoti imekamilika. Mtu anaweza kujaza namba zote vizuri, akafunga kompyuta bila kukibonyeza, na kwenye orodha ya ripoti zilizokamilika jina la kituo chake halionekani.

Kwa wakaaji wa Baraka hilo si jambo dogo. Kipindupindu kinarudirudi kwenye kingo za ziwa Tanganyika, na wanaoamua wapi pa kupeleka serumu, klorini na waganga wanaangalia hesabu hizo. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unaobandikwa juu ya meza ya mwenye kuingiza hesabu, wenye mistari miwili tu kuhusu sifuri na kitufe cha kukamilisha, unaweza kuwa na faida kuliko kitabu cha kurasa 200 ambacho hakuna anayekifungua.

Nchi nzima ilikwisha kuona

Wakongomani wote wanakumbuka siku ya tarehe 30 desemba 2018. Kwa mara ya kwanza, wapiga kura walikutana na mashine ya kupigia kura, iliyotengenezwa na kampuni Miru Systems ya Korea Kusini. Ilibidi kugusa kioo, kutafuta mgombea, kuthibitisha, kisha kuchukua karatasi iliyochapwa na kuitia ndani ya sanduku. Mashine za namna hiyo zilirudi katika uchaguzi wa desemba 2023.

Watu walibishana sana kuhusu siasa ya mashine hiyo. Lakini kulikuwa na upande mwingine uliozungumziwa kidogo: kwa mama mzee wa kijijini ambaye hajawahi kugusa kioo cha simu, mashine ile ilikuwa programu ya kompyuta, na alihitaji mwongozo. CENI ilipita ikionyesha mashine kwa watu, lakini nchi ni kubwa na muda ulikuwa mfupi. Wapiga kura wengi waliomba msaada wa mtu mwingine ndani ya chumba cha kupigia kura. Na mtu akisaidiwa kupiga kura, siri ya kura yake imekwenda wapi? Ndiyo maana ufundi huu haugusi watu wa kompyuta peke yao. Asiyeelewa chombo anabaki mikononi mwa anayekielewa.

Kazi yenye umri wa miaka mingi

Kazi hii haikuzaliwa jana. Kitabu kinachohesabiwa kuwa mwongozo wa kwanza wa mtumiaji wa kompyuta kiliandikwa na Mmarekani Joseph Chapline, mwaka 1949, kwa ajili ya kompyuta iliyoitwa BINAC. Tangu wakati huo kazi imekuwa na jina lake, shule zake na kanuni zake.

Jambo kubwa lilijulikana katika miaka ya 1980, wakati mtafiti John Carroll na wenzake wa kampuni IBM walipoketi na kuangalia wafanyakazi wa ofisi wakijifunza programu mpya. Waliona kwamba watu hawasomi kitabu tangu ukurasa wa kwanza. Wanataka kufanya kazi mara moja. Wanaruka kurasa, wanajaribu, wanakosea, kisha wanatafuta namna ya kutoka ndani ya kosa. Carroll na wenzake wakaandika mwongozo mfupi sana, ulioanza na kazi yenyewe na ulioeleza namna ya kujitoa kwenye makosa. Waliosoma mwongozo huo mfupi walijifunza haraka kuliko waliosoma kitabu kinene. Carroll alieleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1990, The Nurnberg Funnel.

Anayetaka kujifunza kazi hii Baraka aanze hapo. Watu wa ng'ambo hawako tofauti na sisi: hakuna anayefungua programu kwa kutaka kusoma. Anataka kutuma fishi, kutoa makuta, kumwandikisha mtoto, kisha aende zake.

Kiswahili gani?

Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, wakati Kifaransa ni lugha rasmi. Lakini kusema tu "tuandike kwa Kiswahili" hakutoshi, kwa sababu kuna Kiswahili na Kiswahili.

Huko Tanzania, kazi ya kutafsiri programu ilianza mapema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kwa kazi hiyo ilibidi kutengeneza orodha ya maneno ya kompyuta. Wataalamu wa Tanzania na Kenya wameleta maneno mengi: tarakilishi, ngamizi, kipanya, kabrasha, nywila. Ni maneno mazuri. Lakini ukimwambia mwenye kabini wa Baraka "weka nywila yako", anaweza kukuangalia tu. Mwambie "namba ya siri" ao "modipasi", ataelewa palepale.

Kongo ilipata somo hilo kwa uchungu wakati wa Ebola iliyodumu kutoka agosti 2018 hadi juni 2020, na ambayo ilifika hata Mwenga, jirani yetu, katika agosti 2019. Shirika la Translators without Borders lilichunguza namna watu walivyoelewa habari za ugonjwa. Lilitayarisha orodha ya maneno ya Ebola yenye hata Kiswahili cha Kongo na Kinande, kwa sababu Kifaransa na Kiswahili cha vitabu peke yake havikuwafikia watu wote.

Hapa Baraka ina bahati yake. Kuanzia mwaka 1996, watu wengi wa Fizi walikimbilia ng'ambo ya ziwa, wakaishi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Kuanzia mwaka 2005, maelfu yao walirudishwa kwa meli hadi Baraka. Tangu mwaka 2015 kambi ya Lusenda imepokea wakimbizi kutoka Burundi. Kwa hiyo katika soko moja la Baraka unasikia Kiswahili cha Kongo, Kiswahili cha Kigoma, Kiswahili cha Warundi, pamoja na Kibembe, Kifuliru, Kinyamulenge na Kifaransa cha shule. Kijana aliyekulia kati ya lugha hizo anajua tayari jambo ambalo mtafsiri wa mbali halijui: neno gani linaeleweka na nani.

Kuna tena suala la heshima. Katika Kiswahili chetu, mtu hamwambii mzee "bonyeza hapa" kama anavyomwambia mtoto, anasema "mubonyeze hapa". Kwenye karatasi, amri fupi kama "Bonyeza" ao "Chagua" inakubalika, maana kila msomaji anajua kwamba karatasi haimgombezi. Lakini maelezo yakitolewa kwa sauti, kwa redio ao kwa WhatsApp, "mubonyeze" inapendeza zaidi masikio ya wazee. Na kwa wazee wa milimani wanaosikia Kibembe kuliko Kiswahili, sauti ya dakika mbili kwa Kibembe inafaa kuliko karatasi yoyote.

Ufundi wenyewe

Tuangalie sasa maelezo ya namna inayoonekana mara nyingi, yaliyotafsiriwa neno kwa neno:

"Baada ya ukamilishaji wa fomu, mtumiaji anapaswa kuhakikisha kwamba data zimesawazishwa na seva kabla ya urejeshaji wa kifaa, isipokuwa pale ambapo muunganisho haupatikani."

Kila neno ni la Kiswahili, lakini agenti hajui afanye nini. Tuseme programu ina kitufe cha "Envoyer". Mwandishi aliyejifunza angeandika hivi:

Kutuma fishi za leo
Unahitaji: rezo, na betri iliyojaa angalau robo.
1. Fungua programu.
2. Bonyeza "Envoyer". Utaona orodha ya fishi ambazo hazijatumwa.
3. Chagua zote.
4. Bonyeza tena "Envoyer" chini ya orodha. Usizime simu.
5. Angalia orodha. Ikiwa tupu, fishi zote zimefika. Ikiwa fishi imebaki, ngoja rezo na urudie kuanzia hatua ya 2. Usiifute.

Ndani ya mistari hiyo michache kuna kanuni karibu zote za kazi.

Kwanza, kichwa kinataja kazi ambayo mtu anataka kufanya, hakitaji sehemu ya programu. Pili, vitu vinavyohitajika vinatajwa mwanzoni, kusudi mtu asifike hatua ya 4 ndipo agundue kwamba hana rezo. Tatu, hatua moja ina tendo moja. Nne, jina la kitufe linaandikwa jinsi linavyoonekana kwenye kioo. Kama kioo kinasema "Envoyer", mwongozo usiandike "Tuma" peke yake, maana msomaji atatafuta "Tuma" na hataiona. Tano, baada ya tendo, msomaji anaambiwa ataona nini, kusudi ajue kama yuko njiani ao amepotea. Sita, onyo linakuja kabla mtu hajakosea, na kosa linalotokea mara nyingi linapewa njia ya kutoka.

Kanuni ya saba haionekani kwenye mistari hiyo: neno moja kwa kitu kimoja. Ukianza na "fishi", usibadilishe kuwa "fomu", kisha "karatasi", kisha "dosye". Shuleni walimu walitufundisha kwamba kurudia neno si vizuri. Katika mwongozo ni kinyume: ukibadilisha neno, msomaji anafikiri ni kitu kingine.

Ya nane ni kujua aina ya maelezo unayoandika. Mwandishi wa programu Daniele Procida ametengeneza mpango uitwao Diátaxis, unaotumiwa leo na miradi mingi ya programu, ambao unagawa maelezo katika aina nne. Tuchukue mfano wa mwenye kabini anayeanza kazi ya M-Pesa. Siku ya kwanza anahitaji somo la kumshika mkono, lenye mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Akizoea, anahitaji mwongozo wa kazi moja: mteja anataka kutoa dola, nifanye nini? Kila siku anahitaji orodha ya kuangalia haraka, kama orodha ya malipo na ya namba za kupiga. Na siku moja atauliza kwa nini konti ina dola na franka mbalimbali. Hapo anahitaji maelezo ya sababu. Mwongozo unaochanganya yote manne ndani ya ukurasa mmoja haumsaidii mtu yeyote.

Ya tisa ni usalama, na kwa Fizi ni lazima kuisema wazi. Waandishi wa miongozo wanapenda kupiga picha ya kioo ili kuonyesha kitufe. Lakini picha ya kioo inaweza kuwa na jina la mgonjwa, namba ya simu ya mteja, ao jina la familia na kijiji chake. Katika wilaya ambamo watu wamekimbiana na ambamo makundi yenye silaha yanapita, orodha ya majina si kitu cha kubandika ukutani wala kuzungusha kwenye WhatsApp. Tumia majina ya kubuni na namba za uongo kila mara. Na picha ziwe chache na nyepesi, kwa sababu msomaji wako analipa mega.

Jaribu na watu watano

Mwongozo haujakwisha wakati mwandishi anapoweka nukta ya mwisho. Umekwisha wakati mtu mwingine ameufuata na amefika. Mtaalamu Jakob Nielsen alipata sifa kwa kueleza kwamba si lazima kuwa na watu mia moja kwa jaribio la namna hiyo. Watu watano tu wanaonyesha sehemu kubwa ya matatizo.

Namna ya kufanya ni rahisi, lakini inahitaji moyo. Mpe mtu karatasi na simu. Mwambie: "Dada, tafadhali fuata karatasi hii, sauti yako iwe juu unapofikiri. Mimi ninajaribu karatasi, sikujaribu wewe." Kisha nyamaza. Usimwonyeshe kwa kidole. Akisimama kwenye hatua ya 3, andika kwamba hatua ya 3 ina shida. Akibonyeza mahali pabaya, usicheke na usiseme "hapana". Andika. Baada ya watu watano, karatasi yako itakuwa na alama nyingi nyekundu, na hizo ndizo mshahara wako wa siku.

Wengi wanaoandika vibaya hawakosi Kiswahili. Wanakosa jaribio hilo. Wanaandika kwa ajili ya mkubwa wa ofisi, ambaye atasoma ao hatasoma, na hawajaketi hata saa moja karibu na mtu atakayetumia.

Wapi pa kujifunza

Kwa anayesoma Kiingereza, kampuni Google imeweka kwenye intaneti masomo ya bure ya uandishi wa kiufundi, yanayofundisha sentensi fupi, orodha na mpangilio wa kurasa. The Good Docs Project ni kundi la watu wa kujitolea wanaotoa vielelezo vya bure vya miongozo, ambavyo mtu anajaza maneno yake. DHIS2 ina maelezo yake ya bure kwenye intaneti, hata kwa Kifaransa. Kuyasoma ni somo mara mbili: unajifunza programu, na unaona namna wengine wanavyoandika.

Ufundi wa chombo ni mdogo. Wengi wa kazi hii wanatumia Markdown, namna ya kuandika maneno ya kawaida na alama chache za vichwa na orodha. Inajifunzwa kwa siku moja, na inaandikika hata kwenye simu. Ukiingia kwenye miradi mikubwa, utahitaji Git, chombo cha kutunza kila badiliko na jina la aliyelifanya. Hicho kinachukua wiki kadhaa kukizoea.

Mlango mwingine ni tafsiri. DHIS2, KoboToolbox na ODK, ambayo ni ndugu mkubwa wa Kobo, zinapokea tafsiri za watu wa kujitolea kwenye intaneti. Mtu wa Baraka anaweza kujiandikisha na kupendekeza neno la Kiswahili kwa kitufe kinachotumiwa na maelfu ya watu. Hakulipwi, lakini kazi inaonekana na dunia, na unaweza kuitaja unapoomba kazi.

Asiye na intaneti ya kutosha asingoje. Achague programu moja inayotumiwa kwenye avenyu yake. Aketi na watu watatu wanaoitumia, aandike ndani ya daftari kila mahali wanapokwama. Aandike ukurasa mmoja, aujaribu na watu watano, ausahihishe, aandike tarehe na toleo la programu chini yake. Tarehe ni ya lazima, kwa sababu vitufe vinabadilika: menyu kuu ya ODK, kwa mfano, ilibadilishwa katika miaka ya karibuni, na mwongozo wa zamani sasa unamtuma msomaji kwenye kitufe ambacho hakiko tena. Kurasa tano za namna hiyo, zilizojaribiwa, ni ushahidi wa kazi kuliko cheti.

Nani atalipa?

Tuseme ukweli: matangazo ya kazi yanayotafuta "mwandishi wa miongozo ya programu" hayabandikwi Baraka. Kazi hii inajificha ndani ya kazi nyingine: mwenye kusimamia data kwenye shirika, mwalimu wa informatiki, fundi wa simu, mwenye kuingiza hesabu kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya. Anayejua kuandika mwongozo unaoeleweka anaongeza thamani kwenye kazi hizo. Wachache wanaojua Kiingereza vizuri wanaweza kufanya kazi kwa mbali, lakini hapo wanashindana na dunia nzima, na rezo ya Fizi si rafiki wa kutegemewa.

Wanaopaswa kufikiri zaidi ni wenye kuleta programu. Mashirika yanakuja Fizi na mradi wa mwaka mmoja ao miwili, yanafundisha watu ndani ya sala kwa siku tatu, kisha mradi unafungwa. Vita vinapofika, muuguzi aliyefundishwa anakimbia na familia yake, na anayechukua nafasi yake anaikuta kompyuta lakini hamkuti mtu wa kumwelezea. Ujuzi uliokuwa ndani ya kichwa umekwenda na mwenye kichwa.

Karatasi inabaki. Ndiyo sababu kila mradi unaoleta programu ungepaswa kuacha vitu vitatu: mwongozo mfupi kwa Kiswahili kinachosemwa mahali hapo, uliojaribiwa na watumiaji wenyewe, nakala yake isiyohitaji intaneti, na mtu wa mahali hapo, mwenye jina na malipo, wa kuusahihisha programu inapobadilika. Ukilinganisha na bei ya simu, magari na semina, gharama yake ni ndogo.

Zoni za afya, shule na ofisi za mji zinaweza kuuliza jambo moja kila mara mgeni anapoleta programu mpya: "Mwongozo wake kwa Kiswahili uko wapi, na nani wa hapa ameujaribu?" Kama hakuna jibu, vijana wa Baraka wanaojua kuuandika wawe karibu.